Aliyesimama Kwanza

Kitendaguro, saa tisa alasiri

Koku mwanangu,

Umetoka sasa hivi na shangazi yako kwenda mjini kuchukua zile picha ndogo za pasipoti, na mimi nimekaa mezani sebuleni na karatasi nilizochana kwenye daftari la zamani la shule. Nina kama saa mbili kabla hamjarudi. Kesho asubuhi unapanda ndege. Habari za sweta, za kutenga pesa mahali pawili, za kutoongea na kila mtu uwanjani, shangazi yako amekwisha kuzisema zote, na nyingine amezirudia. Mimi sina cha kuongeza humo.

Nina jambo moja. Nitalisema kwanza halafu nieleze, maana nikianza na maelezo nitazunguka mpaka mrudi. Aliyesimama kwanza mbele ya mkuu wa chuo hakuwa mimi. Alikuwa Justa, mwanafunzi mwenzangu. Yale uliyonisikia nikimwambia Helena kwenye kompyuta, ambayo baadaye uliyaandika kwenye maombi yako ya kazi, niliyasema mimi na hayakuwa kweli.

Nimeiandika sentensi hiyo, nimeisoma tena. Mwandiko umenyooka kama wa ubaoni.

Unakumbuka yalivyoanza. Ulikuwa umekaa nyumbani karibu mwaka mzima baada ya kumaliza chuo kikuu, huna kazi, siku nzima na simu. Ukaona tangazo: jumba la makumbusho huko Ulaya linaonyesha filamu za watu walioandamana, waliogoma, waliokataa kuhama, kisha watazamaji wa nchi mbalimbali wanakutana mtandaoni kuzizungumzia. Kila Alhamisi, saa moja jioni kwa saa zetu. Ukaniambia, "Mama, njoo tuangalie wote, Kiingereza chako kinaozea bure humu ndani." Nilifundisha Kiingereza miaka thelathini, Koku, na hakuna mtu aliyekuwa ameniomba nikitumie tangu nistaafu. Nikaja.

Filamu ya tatu ilikuwa ya wanawake wa kiwanda cha nguo waliokaa barabarani mbele ya geti, wengine na watoto mgongoni. Wewe ulilia. Mimi niliwatazama wale wanawake kama mtu anayetazama mvua kutoka ndani. Filamu ilipoisha Helena, yule mama wa nywele fupi anayeendesha mjadala, akauliza kama kuna yeyote kati yetu aliyewahi kuwa ndani ya jambo kama lile. Kila mtu kwenye kisanduku chake cha skrini akawa anasubiri mwingine. Ukanigusa kiwiko.

"Mama, sema ile ya chuo. Mlivyogoma."

Nilianza vizuri. Nilisema tulikuwa wanafunzi wa ualimu, mwenzetu mmoja akafa kwa kukosa gari la kumpeleka hospitali, tukakaa uwanjani siku mbili tukakataa kuingia darasani. Hayo yote ni kweli. Ndivyo nilivyokusimulia tangu ukiwa mdogo: tuligoma, tulikaa, tulikataa. Ndani ya hiyo "tu" nilijificha miaka yote, na hakuna aliyewahi kuniuliza nani na nani.

Helena akauliza. "Na nani alisimama kwanza?"

Nikasema, "Mimi."

Sikupanga. Ningeweza kukuambia kwamba Kiingereza kilinitoka vibaya, na wewe ungeniamini, lakini nimekisahihisha Kiingereza cha watoto wa watu maisha yangu yote na neno hilo nilikuwa nalijua. Wakaniuliza mkuu alisema nini, nilimjibu nini. Maneno ya Justa ninayo yote mpaka leo, nikayatoa kama yangu. Baba mmoja kutoka Brazili akaweka mkono kifuani. Wewe ulikuwa unanitazama kwa upande, na sura ile sikuwahi kuiona ukinitazama nayo, hata siku moja. Hiyo ndiyo iliyonifunga mdomo baadaye. Tulipozima kompyuta nilikuwa nimekwisha kufungua midomo nikuambie, ukanikumbatia.

Sasa nikuambie ilivyokuwa.

Msichana aliyekufa aliitwa Devota. Alikuwa kitanda cha tatu kutoka mlango wa bweni letu, mtoto wa Kamachumu, mpenda kuimba hata akifua. Alishikwa na homa siku tatu. Nesi wa chuo alisema apelekwe hospitali, na gari la chuo halikuwepo, lilikuwa limepelekwa kubeba mbao za nyumba aliyokuwa akijenga mkuu wa chuo kwao. Tulimbeba kwa machela, wasichana sita tukipokezana, mpaka barabara kuu. Ilikuwa asubuhi ya saa nne, jua limekwisha kuwa kali. Magari mawili yalipita bila kusimama. La tatu lilisimama, dereva akashuka, akamtazama, akavua kofia. Ndipo tulipojua.

Kesho yake kwenye mstari wa asubuhi mkuu alitangaza msiba kwa maneno mafupi akasema tuingie madarasani. Justa akatoka kwenye mstari. Alikuwa mfupi, na sauti yake siku zote ilikuwa kama ya mtu mwenye mafua.

"Mkuu, gari lilikuwa wapi?"

"Rudi kwenye mstari."

"Nitarudi ukishatuambia gari lilikuwa wapi."

Sisi tukakaa chini kwenye majani, mmoja mmoja, mpaka uwanja mzima ukawa umekaa, Justa peke yake amesimama mbele ya mkuu. Mimi nilikaa nikiwa kama wa arobaini. Siyo wa mwisho. Nimewahi kujifariji kwa hilo.

Jioni ile tukaandika waraka. Tulitaka gari lisitoke chuoni kwa kazi za mtu, na mkuu aende Kamachumu kuwaomba radhi wazazi wa Devota. Justa alitamka maneno na mimi nikaandika, kwa sababu mwandiko wangu ndio uliokuwa mzuri. Hiyo ilikuwa sehemu yangu, na ingenitosha. Ningekuambia hiyo tu maisha yako yote ungekuwa na mama wa kuwasimulia watu.

Siku ya tatu ikaja kamati ya kuchunguza mgomo, kutoka nje ya chuo, wanaume watatu na mama mmoja. Wakatuita mmoja mmoja kwenye chumba cha walimu. Nilipoingia yule mama alikuwa anamenya chungwa, na nakumbuka ganda lilikuwa limetoka zima, refu, hajalikata. Waraka ulikuwa mezani.

"Huu ni mwandiko wa nani?"

Nikasema, "Wa Justa."

Hawakunipiga, Koku. Hawakunitisha. Hawakurudia hata swali. Mmoja aliandika kitu, akasema, "Asante, nenda darasani," nikaenda. Somo lilikuwa la maandalio ya kipindi. Nilinakili kila kitu kilichokuwa ubaoni, mpaka tarehe. Mchana Justa alipita nje ya madirisha na sanduku lake la bati kichwani. Alitupungia mkono. Nami nilimpungia.

Nimesubiri miaka mingi nione nitakavyojisikia kuhusu mkono ule niliopunga. Sijisikii kitu. Najua lilikuwa jambo baya kama ninavyojua Muleba iko kusini mwa Bukoba. Labda niliposema lile neno kuna sehemu ndani yangu ilikufa ganzi, kama mguu uliokaliwa, nikauzoea mguu wa namna hiyo, nikatembea nao mpaka harusini, mpaka kazini, mpaka kwenye mazishi ya baba yako ambako watu walinisifu kwamba nina moyo mgumu.

Nilipata cheti, nikapangiwa kufundisha. Miaka sita ya mwanzo ilikuwa Kamachumu, ndiko ulikozaliwa. Mama yake Devota alikuwa akiuza ndizi sokoni siku za gulio, mama mwembamba, anakaa upande wa kivuli. Ebitoke zake zilikuwa nzuri kuliko za wote. Nilikuwa nanunua kwa mwingine.

Kuna jingine ambalo wewe mwenyewe unalijua, na labda ulidhani nimelisahau. Ulikuwa kidato cha pili, mlikataa uji kwa sababu ulikuwa na wadudu. Walimu wakataka jina la aliyewaongoza. Wewe ulikuwa unalijua na ulikataa kulitaja, wakaniita mimi kama mzazi. Nilikukuta kwenye benchi la nje ya ofisi, unatazama viatu vyako. Ningeweza kukaa karibu yako nikanyamaza. Badala yake nilikuambia, "Taja tu, mwanangu, yaishe." Ulinitazama muda mrefu, kisha ukaingia ukataja. Editha akasimamishwa shule, na hakurudi. Hukusema nami wiki nzima. Nilimwambia baba yako ni mambo ya umri.

Hivyo siyo kwamba nilikosea mara moja nikiwa na umri wa miaka ishirini. Nilikufundisha na wewe.

Ujumbe ulipokuja kwamba jumba lile limekuchagua uende ukafanye kazi nao mwaka mmoja, ukusanye masimulizi ya watu kama wale wa kwenye filamu, ulinisomea barua ya Helena kwa sauti. Alisema kilichowagusa ni yale maandishi yako kuhusu mama yako aliyesimama peke yake uwanjani. Shangazi yako akapiga kigelegele mpaka majirani wakaja na mwiko mkononi. Jumapili tukaenda mbele ya kanisa kutoa shukrani, mchungaji akatuwekea mikono, mimi na wewe pamoja. Nilikuwa nahesabu taa za darini. Zilikuwa kumi na mbili, na mbili hazikuwa zinawaka.

Wiki iliyopita niliposema nakwenda kwenye kikundi cha walimu wastaafu, nilikwenda Izimbya.

Nilikuwa najua Justa yuko huko. Mtu akiwa mwalimu muda mrefu anajua kila mtu yuko wapi. Nilimkuta kwenye kibanja chake cha migomba na kahawa, ameinama, anageuza kahawa iliyoanikwa kwenye turubai. Amenenepa. Sauti ni ile ile. Alinitazama, akajifuta mikono kwenye kanga.

"Adelina wa mwandiko," akasema.

Tulizungumza Kihaya, nakuandikia kwa Kiswahili. Alinipa kigoda, akaleta kahawa ya kutafuna kwenye kisahani kama anavyofanyiwa mgeni yeyote. Nikamwambia nimekuja kumwambia jambo. Akasema analijua.

"Nililijua siku ile ile. Walinisomea kosa langu, kuandika waraka wa uchochezi. Nikawaambia nipeni kalamu niandike mstari mmoja mlinganishe. Hawakutaka. Basi nikajua umeulizwa, na nikajua umesema nini."

"Kwa nini hukusema ni mimi?"

"Wangetufukuza wote wawili. Ningepata nini?"

Akaendelea kugeuza kahawa. Nikamweleza mambo ya makumbusho, filamu, mjadala wa mtandaoni, wewe, safari yako. Nilieleza kila kitu kwa mpangilio, kama ninavyofundisha. Nilipofika pale niliposema "mimi", Justa alicheka. Alicheka kweli, Koku, mpaka akakohoa, akaketi chini kwenye ukingo wa turubai.

"Waitu! Kwa hiyo huko Ulaya mimi ni wewe."

"Ndiyo."

"Na Devota? Devota ni nani huko?"

Nikasema, "Nilisema mwenzetu mmoja."

Kicheko kikaisha. "Hukumtaja jina?"

"Hapana."

"Hata kwenye maandishi ya mtoto wako?"

Nikafikiri. Uliandika "mwanafunzi mmoja". Uliandika hivyo kwa sababu ndivyo nilivyokusimulia siku zote, na sasa nikikumbuka sina hakika kama uliwahi kulisikia jina lile kinywani mwangu.

Justa akawa anachagua mawe madogo kwenye kahawa na kuyatupa. Kisha akasema polepole, "Mimi usinihangaikie sana. Nilirudi hapa, nikaolewa, nimezaa watano, mume nimemzika, kahawa ninayo. Walinichagua mwenyekiti wa kitongoji mara mbili, nikawasumbua sana hapo wilayani. Maisha yangu unayaona. Lakini yule mtoto, tulikaa juani siku mbili kwa ajili yake. Wewe umesimama mbele ya dunia nzima, umenisahau mimi sawa, nitajitaja mwenyewe nikitaka, mdomo ninao. Yeye angejitaja vipi?"

Nikamwomba msamaha. Nilipiga magoti, kama inavyofanyika. Aliniinua kwa mkono, bila ukali.

"Usiniombe leo," akasema. "Nikikusamehe leo utarudi Kitendaguro ulale usingizi. Kamalize kwanza."

Alinifungashia mkungu. Zile ndizi tulizokula juzi, ukasema ni laini, zilitoka kwake.

Njiani kurudi nilikaa dirishani nikasubiri kulia. Nilidhani sasa machozi yatakuja. Tulifika mjini, nikashuka, nikanunua nyanya kwa sababu tulikuwa hatuna.

Sasa kumaliza ni nini, nimelifikiria wiki nzima. Nilikuwa na wazo la kumwandikia Helena kimya kimya, nimweleze kosa ni langu, nimwombe asikuhusishe. Nilikwisha hata kuianza barua hiyo. Kisha nikaona nitakuwa nimeingia tena kwenye chumba kile bila wewe, nimesema jina la mtu, nimetoka. Maandishi ni yako. Nafasi ni yako. Inawezekana wakilijua hili watasema sawa, inawezekana watasema ubaki nyumbani, mimi siwajui watu wale. Ninachojua ni kwamba unaondoka kesho kwenda kukaa kwenye kazi ya kuuliza watu nani alifanya nini, ukiwa umepewa kazi hiyo kwa uongo wa mama yako, na wewe hujui. Siwezi kukuacha upande ndege hivyo.

Alhamisi ijayo kuna mjadala. Nitaingia. Jirani yetu mwalimu amekubali kunisaidia na kompyuta. Nitasema ni nani aliyesimama na ni nani aliyesema jina la nani kwenye chumba cha walimu, na nitaanza na Devota, binti wa Kamachumu. Hilo ni la kwangu na nitalifanya hata kama hukubaliani nalo, nakuomba radhi kwa hilo pia. Lakini kati ya sasa na Alhamisi ni zamu yako. Ukitaka kumpigia Helena leo hii, mpigie. Ukitaka nimpigie mimi wewe ukiwa umekaa hapa, nitampigia. Ukitaka kwenda ukamwambie uso kwa uso, nenda. Ukitaka kutokwenda kabisa, mimi ndiye nitakayewaeleza majirani na mchungaji, siyo wewe.

Sina maneno ya hekima ya kukupa, na nikiyapata usiyaamini sana. Nilichokiona ni kidogo. Lile neno nililosema kwenye chumba cha walimu lilikuwa rahisi, ndiyo maana naliogopa. Nilikuwa nimejiandaa kwa viboko. Kama wangekuja na viboko huenda ningekuwa mtu mwingine. Walikuja na swali la kawaida na chungwa. Huko unakokwenda nadhani maswali mengi yatakuwa ya namna hiyo, watu wazuri wanaokuegemea wakitaka useme kitu kizuri. Helena ni mtu mzuri. Alitaka niwe mimi, na wewe ulitaka, na mimi nilitaka.

Na Editha, nimeuliza. Yuko Muleba mjini, ana kibanda cha kushona nguo karibu na stendi. Sikukuandikia hili ili uende. Nimekuandikia kwa sababu nilikuwa nalijua nikakaa nalo, na sitaki tena kukaa na vitu vyako.

Barua hii nilipanga kuiweka ndani ya begi lako, katikati ya nguo, uikute ukifika. Nilikuwa nimekwisha kupachagua mahali, chini ya kitenge cha zambarau. Wazazi wengi hufanya hivyo na ni vizuri, mtoto anaikuta akiwa mbali anafarijika. Lakini ukiisoma ukiwa kule huwezi kunipigia kelele. Utakuwa na mtandao mbovu na watu wageni pembeni, utaniambia, "Haidhuru, Mama," na mimi nitakubali haraka sana.

Nasikia geti. Mmerudi mapema. Shangazi yako anacheka jambo, nawe unamwambia anyamaze. Nitamtuma dukani kwa sukari, hapo ndipo nitakapokupa karatasi hizi mkononi, na nitabaki kwenye kiti hiki ukizisoma mpaka mwisho.

Mama yako,
Adelina